Nani Anasema Kwenye Bati la Gari?

Bunge la jimbo la Texas hukutana kwa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Kwa kuwa muda ni mfupi, limejiwekea orodha ya pembeni kwa miswada ambayo hakuna anayetarajiwa kuipinga. Humo ndimo inamopita miswada ya kukipa kipande cha barabara jina la polisi aliyeuawa kazini au la askari aliyefia Iraq. Mbunge wa eneo hilo husimama, humtaja marehemu, familia iliyoketi kwenye roshani ya wageni hupigiwa makofi, kura hupigwa, shughuli imekwisha. Muswada unaofuata pengine ni wa kuanzisha pleti namba yenye nembo ya chuo fulani au ya mfuko wa hisani. Majimbo mengine 49 yana taratibu zao, lakini hali haitofautiani sana: hizi ni sheria zinazopita bila jasho.

Kwa mwanasiasa ni mali safi. Hazigusi bajeti kwa kiasi cha kuonekana, zinampatia picha ya pamoja na familia yenye shukrani, na mpinzani wake hawezi kuzitumia kumshambulia wakati wa kampeni. Waandishi wa siasa huziruka kwa sababu hiyohiyo. Lakini pleti ni maandishi ya serikali yaliyofungwa kwenye mali ya mtu binafsi, na bango la barabarani ni maandishi ya serikali yaliyosimikwa kwenye mali ya umma. Anayeruhusiwa kuandika humo anaazima sauti ya dola. Majimbo ya Marekani, kwa takriban miaka arobaini sasa, yamekuwa yakiiuza sauti hiyo rejareja, kisha yakifikishwa mahakamani yanadai kwamba haijawahi kuwa ya mtu mwingine.

Mwanzo haukuwa hivyo. New York ilipoanza kudai alama kwenye magari mwaka 1901, wenye magari walijitengenezea wenyewe, wakiweka herufi za majina yao. Massachusetts ndiyo iliyotangulia, mwaka 1903, kutoa pleti za serikali. Kazi ya pleti ilikuwa moja tu, kumtambua mwenye gari. Mwaka 1928 Idaho ikachora kiazi kuyasifu mashamba yake, na mwaka huohuo Massachusetts ikachora samaki kuwaenzi wavuvi wake. Husimuliwa kwamba wavuvi hao hawakufurahi: samaki alichorwa kama anaogelea kulikimbia jina la jimbo, na msimu ule walipovua kidogo, lawama zote zikaenda kwenye pleti.

Pleti maalumu ya kulipia, yenye ujumbe wa kundi na fedha zinazokwenda kwenye mfuko uliotajwa na sheria, ilipata sura yake ya leo Florida. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka kutoka pwani ya jimbo hilo, na wanaanga saba wakafa. Bunge la Florida likapitisha sheria kwamba anayetaka anaweza kulipa ada ya ziada apewe pleti yenye picha ya chombo kile, na fedha zikajenge mnara wa kuwakumbuka wanaanga. Mauzo yakaanza mwaka 1987. Mnara wenyewe, ukuta mkubwa wa mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ulizinduliwa mwaka 1991 kwenye Kituo cha Anga cha Kennedy. Wabunge wakawa wamegundua kitu adimu: malipo ya serikali ambayo mwananchi huyafuata mwenyewe, na hata huona fahari kuonyesha kwamba ameyalipa.

Sheria ya namna hii haina urefu. Inataja jina la pleti, rangi, maneno ya juu na ya chini, ada ya mwaka na mfuko utakaopokea. Florida ada ya kawaida ni dola 25 kwa mwaka juu ya gharama ya usajili. Texas mwenye gari hulipa dola 30, na 22 kati ya hizo zinakwenda kwa taasisi iliyotajwa. Virginia wana mkono mgumu zaidi: katika kila dola 25, dola 15 huanza kuifikia taasisi baada ya pleti 1,000 za kwanza. Mabati yenyewe, katika majimbo mengi, hukatwa na kugongwa na wafungwa.

Kinachoamua nani apate si uzuri wa jambo lake, ni kizingiti cha idadi. Virginia inataka maombi 450 yaliyokwisha kulipiwa. Florida, iliyojikuta na aina zaidi ya mia moja hadi polisi wa barabarani wakawa wanashindwa kutambua pleti ni ya jimbo lipi, iliweka ukomo wa aina 150 mwaka 2020 na kudai vocha 3,000 ziuzwe kabla ya bati la kwanza kutoka kiwandani. California inataka maombi 7,500. Kwa ada ya dola 50 kwa kila ombi, hizo ni dola 375,000 zilizochangwa kwa ahadi tu, kwa ajili ya kitu ambacho bado hakipo.

Kizingiti kinaonekana hakina upendeleo, na wabunge hupenda kukitetea kwa hoja hiyo. Mimi sioni hivyo. Chuo kikuu chenye timu ya mpira na daftari la wahitimu laki mbili kinakivuka wiki ya kwanza. Chama cha wazazi wenye watoto wanaougua ugonjwa usiojulikana sana hakitakivuka hata kikipewa miaka mitano, ingawa sababu yake inaweza kuwa nzito mara kumi. Wengine huokolewa na umaarufu: pleti ya wapenda wanyama ya California ilichorewa mbwa na paka na Pierce Brosnan, yule mwigizaji aliyekuwa James Bond. Kwa maneno mengine, kinachopimwa na sheria ni kama una watu na una jina, ilhali bunge lililoipitisha linazungumza kana kwamba limepima thamani.

Msomaji wa Dar es Salaam amezoea mpango mwingine. Kwetu rangi inasema kazi ya gari, njano kwa la binafsi na nyeupe kwa la biashara, na mwenye fedha anaweza kununua jina lake: mwaka 2016 ada ya namba binafsi ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Fedha hizo zinaingia serikalini, basi. Hakuna anayeliona gari lenye jina la mfanyabiashara akadhani Jamhuri ya Muungano inamuunga mkono. Namba za kifahari wanazo hata Wamarekani. Delaware pleti yenye tarakimu 6 peke yake iliuzwa mnadani mwaka 2008 kwa dola 675,000. Pleti maalumu ni jambo tofauti. Namba yake ni ya kawaida, ila ujumbe ni wa kundi, na juu ya ujumbe huo limeandikwa jina la jimbo.

Ugomvi ulianzia upande usiotarajiwa. New Hampshire huandika kwenye pleti zake za kawaida wito wa jimbo: Ishi Huru au Ufe. Mwaka 1974 George Maynard, Shahidi wa Yehova, aliyaziba maneno hayo kwa utepe wa gundi kwenye magari ya familia yake, kwa kuwa imani yake haikumruhusu kuyatangaza. Polisi wakamwandikia kosa, wakamwandikia tena, na alipokataa kulipa faini akatumikia siku 15 jela. Mtu alifungwa kwa kuziba wito wa uhuru, kwenye bati lililotengenezwa na wafungwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki: serikali haina ruhusa ya kumgeuza raia kuwa ubao wake wa matangazo.

Maynard hakutaka kusema maneno ya serikali. Pleti maalumu zilileta kinyume chake, yaani makundi yanayotaka serikali iseme maneno yao. Kubwa kati ya hayo lilikuwa la wapinzani wa utoaji mimba. Wazo la pleti ya Chagua Uhai lilitoka kwa kiongozi mmoja wa kaunti ya Marion, Florida, mwaka 1996. Bunge likaipitisha, gavana Lawton Chiles akaikatalia saini mwaka 1998. Mwaka uliofuata alikuwapo gavana mwingine, Jeb Bush, akatia saini. Kutoka hapo ikaenea jimbo hadi jimbo, na kila ilipofika kesi zilifuata, kwa sababu swali lilikuwa wazi kabisa: kama upande mmoja wa mjadala umepewa pleti, wa pili je?

North Carolina ndiko swali hilo liliko wazi zaidi. Mwaka 2011 wabunge walipitisha pleti ya Chagua Uhai na kukataa, mara baada ya mara, marekebisho ya kuongeza pleti ya wanaotetea haki ya mwanamke kuamua. Mahakama ya rufani ikasema mwaka 2014 kwamba huo ni ubaguzi wa maoni, jambo ambalo Katiba inalikataza. Miaka miwili baadaye mahakama ileile ikageuza uamuzi wake. Katikati ya hukumu hizo mbili ilikuwa imetoka kesi ya Texas.

Kesi hiyo ilihusu chama cha Sons of Confederate Veterans, cha wazao wa askari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na kupigana ili kulinda utumwa. Waliomba pleti yenye bendera ya vita ya Kusini. Texas wakati huo ilikuwa na aina zaidi ya 350, na bodi ya magari ilikuwa haina historia ya kukataakataa, lakini hii iliikataa mwaka 2011 kwa kuwa watu wengi wangeiona ni matusi. Tarehe 18 Juni 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba Texas ilikuwa na haki. Jaji Stephen Breyer aliandika kwamba pleti ni kauli ya serikali: jimbo limeitumia tangu zamani kutoa ujumbe wake, watu wanaihusisha na jimbo, na jimbo lina neno la mwisho juu ya kila mchoro. Serikali ikisema, hailazimiki kusema na maneno ya mpinzani wake. Jaji Clarence Thomas, mhafidhina wa wahafidhina, ndiye aliyejiunga na majaji wanne wa mrengo wa pili kuipa hukumu hiyo kura ya tano.

Hoja iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito kwa niaba ya wachache inasomeka vizuri kuliko ile iliyoshinda, na nasema hivyo huku nikiwa sina huruma hata chembe na bendera ile. Alimwalika msomaji aketi kando ya barabara kuu ya Texas na kutazama magari yakipita. Litapita lenye pleti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoko Indiana. Litapita la Chuo Kikuu cha Oklahoma, mahasimu wakubwa wa mpira wa Texas. Litapita linalosema mwenyewe angependelea kuwa anacheza gofu. Je, ni kweli kwamba jimbo la Texas linaishabikia Oklahoma, na kwamba ndio msimamo wake rasmi kuwa gofu ni bora kuliko kwenda kazini? Anayeamini hivyo hayupo. Texas ilikuwa imeweka jukwaa la kukodisha, ikapokea kodi, na siku alipokuja mpangaji asiyependeza ikasema jukwaa halijawahi kukodishwa.

Hata hivyo matokeo ya hukumu yalionekana haraka, na mbele ya matokeo hayo mtu hupata shida kuilaani. Usiku wa kuamkia siku ya hukumu, kijana mbaguzi aliwaua waumini tisa weusi kanisani Charleston, South Carolina. Picha zake akiwa na bendera ile zikasambaa dunia nzima. Virginia ilikuwa na pleti zenye bendera hiyo kwa amri ya mahakama, kwa sababu majaji wa huko walikuwa wamesema zamani kwamba kuikataa ni kubagua maoni. Sasa amri ile ilikuwa imepoteza mguu wake. Ndani ya wiki moja gavana Terry McAuliffe akaanza kuziondoa.

California walichukua njia ambayo kwangu ndiyo safi zaidi, ingawa nao hawakuichukua kwa hiari. Mwaka 2004 mahakama ya shirikisho ilisema bunge lao haliwezi kugawa pleti kwa makundi kwa utashi tu, bila vigezo. Badala ya kutunga vigezo vya kumpendelea huyu na kumwacha yule, wakabadili sheria: tangu hapo mdhamini wa pleti mpya lazima awe idara ya serikali yenyewe, na fedha ziende kwenye kazi ya idara hiyo, kama hifadhi ya pwani au sanaa. Kama pleti ni kauli ya serikali, basi aseme mtumishi wa serikali, juu ya kazi ya serikali. Makundi ya nje yakitaka kusema, vioo vya nyuma vya magari vinabandikika stika bila kupigiwa kura na mtu.

Barabara zina historia ndefu na chungu zaidi. Mwaka 1913, mwaka ambao barabara ya Lincoln ya kuvuka nchi ilitangazwa, chama cha wanawake wa Kusini, United Daughters of the Confederacy, kilianza kampeni ya barabara yake: ya Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga. Bunge la Virginia likakubali mwaka 1922. Chama kilileta ombi, wabunge wakaona kukubali hakugharimu kitu, na kura ikapita. Kwa karibu miaka mia moja wajukuu wa watumwa wakawa wanaandika jina la mtu huyo kwenye anwani za nyumba na maduka yao, kutokana na tendo la bunge ambalo bila shaka lilichukua dakika chache.

Kampeni ile ilifika hadi jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ambako vita ya Kusini na Kaskazini haikupiganwa kabisa. Mwaka 2002 mbunge Hans Dunshee alijaribu kumwondoa Davis kwenye barabara namba 99. Baraza la wawakilishi likakubali, seneti ikazika muswada. Akarudi nao miaka kumi na minne baadaye, na mwaka 2016 barabara ikapewa jina la William P. Stewart, Mmarekani mweusi aliyejiunga na jeshi la Kaskazini kisha akaishi na kufa Snohomish. Kutoa jina ni kazi ya asubuhi moja. Kuliondoa kulimgharimu mbunge mmoja sehemu kubwa ya maisha yake ya siasa.

Missouri walifanya jina la barabara kuwa silaha. Jimbo lina mpango wa vikundi vya hiari kuokota taka kwenye kipande cha barabara, na kila kikundi huwekewa kibao cha shukrani chenye jina lake. Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakaomba kipande cha barabara ya I-55 kusini mwa mji wa St. Louis. Jimbo likakataa, likashtakiwa, likashindwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza rufaa. Bunge lilikuwa limekwisha kujibu kwa njia yake: mwaka 2000 lilikiita kipande hicho Barabara ya Rosa Parks, jina la mwanamke aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery mwaka 1955. Klan hawakuonekana kuokota taka, wakaondolewa kwenye mpango kwa kosa hilo la kawaida kabisa.

Ujanja huo ulipendeza kiasi kwamba mwaka 2009 waliurudia. Kundi la Wanazi mamboleo lilikuwa limepata kipande karibu na Springfield, na bunge likakipa jina la Abraham Joshua Heschel, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi, akapoteza mama na dada zake mikononi mwao, na mwaka 1965 akaandamana na Martin Luther King huko Selma. Safari hii jibu lilipata mpinzani ambaye hakutegemewa. Binti yake, Susannah Heschel, profesa wa masomo ya Kiyahudi, hakufurahishwa hata kidogo na wazo la Wanazi kutembea juu ya jina la baba yake. Wabunge walikuwa wametafuta jina la kuwaudhi Wanazi, na hawakuwa wamemuuliza mwenye jina. Kwa sheria zinazosifiwa kuwa ni za kuheshimu familia, hilo si jambo dogo.

Kisheria jina la kumbukumbu ni jepesi kuliko linavyoonekana. Sheria ya Florida inasema waziwazi kwamba jina kama hilo ni la heshima tu: halibadilishi anwani ya mtu, halimlazimishi yeyote kubadili vibao vya mtaa, na bango halisimikwi mpaka serikali ya mji au kaunti iazimie kuliunga mkono. Mwongozo wa taifa wa alama za barabarani hauzipendi kabisa kumbukumbu hizi. Unashauri jina lichongwe kwenye kibao huko kwenye vituo vya kupumzikia, ambako dereva ameegesha na anaweza kusoma bila kugonga mtu, na unakataza jina hilo kuingia kwenye alama za kuelekeza njia. Ndiyo maana Mmarekani anaweza kupita kila siku kwenye barabara yenye majina matatu ya marehemu na bado akaiita kwa namba.

Kisha kuna kifungu cha fedha, ambacho wageni wa roshani hawasomewi. Texas idara ya barabara hailazimiki kusimika bango mpaka mtu atoe mchango wa kulilipia. Azimio la bunge la California hufungwa na sentensi ya aina hiyohiyo: idara ikadirie gharama ya mabango, na yawekwe fedha zikipatikana kutoka nje ya serikali. Bunge linatoa jina, mchango unatoa chuma. Askari wa mji wenye klabu na wafanyabiashara atapata vyote viwili. Wa kijiji maskini anaweza kubaki na sheria iliyotiwa saini na gavana, kwenye karatasi.

Wapo wanaojaribu kuweka breki ya kusubiri. Arizona ilikuwa na kanuni kwamba mahali pasipewe jina la mtu mpaka miaka mitano ipite tangu afariki. Tarehe 23 Machi 2003 Lori Piestewa, askari wa kabila la Wahopi, aliuawa Iraq. Alikuwa mwanamke wa kwanza mzawa wa asili wa Marekani kufa vitani akiwa katika jeshi la nchi hiyo. Phoenix ilikuwa na mlima na barabara kuu vyenye jina la zamani lililowatusi wanawake wa asili, na wenyeji hao walikuwa wameomba libadilishwe kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Gavana Janet Napolitano akaisukuma bodi ya majina, na mwezi uliofuata kifo hicho jina likabadilishwa kuwa Piestewa. Bodi ya taifa ilishikilia kanuni yake na kukubali mwaka 2008 tu. Mimi nisingependa kuwa katika bodi ile. Kanuni ya kusubiri ni ya busara, na jina la matusi lilikuwa limesubiriwa vya kutosha.

Afrika Mashariki hatuna breki hiyo, na mara nyingi hatupiti bungeni. John Kijazi, katibu mkuu kiongozi wa Tanzania, alifariki tarehe 17 Februari 2021. Wiki moja baadaye Rais Magufuli, akizindua barabara za juu za Ubungo, akazipa jina lake palepale mbele ya umati. Jijini Nairobi mwaka huohuo barabara moja ya mtaa wa Kileleshwa ilipewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa wafanyakazi aliye hai, na bango lake likakatwa na kuchomwa moto. Tukilinganisha, muswada wa Marekani wenye kura mbili na saini una faida moja ya wazi: kuna karatasi, na aliyepiga kura anajulikana.

Kwa walio hai breki zimelegea kote. Mtoto wa Mkenya, Barack Obama, ana barabara ya Dar es Salaam, ile ya ufukweni iliyobadilishwa jina alipokuja mwaka 2013. California ilimpa sehemu ya barabara 134 kwa azimio la mwaka 2017, karibu na chuo cha Occidental alikosoma, na Illinois ikampa sehemu ya I-55 mwaka huohuo. Oklahoma ikajibu, tuseme hivyo, mwaka 2021 kwa kumpa Donald Trump kipande cha barabara 287 kwenye kaunti ya Cimarron, pembe kavu ya magharibi mwa jimbo. Kaunti ya Palm Beach, Florida, sasa ina barabara za wote wawili. Mji wa Riviera Beach, ambako Klan walichoma misalaba kando ya barabara ya Old Dixie, uliibadili barabara hiyo mwaka 2015 kuwa ya Rais Obama. Mwaka 2025 bunge la jimbo likampa Rais Trump kipande cha Southern Boulevard kinachoelekea nyumbani kwake Mar-a-Lago. Wa kwanza aliheshimiwa na halmashauri ya mji wenye wakazi weusi wengi, wa pili na bunge la jimbo akiwa bado yuko madarakani. Ukitaka kujua nani ana nguvu Florida, huhitaji kusoma matokeo ya uchaguzi.

Kazi bora ya uandishi wa sheria niliyoiona katika uwanja huu wote ilitoka Virginia, ilipobidi kumwondoa Davis. Miji ya kaskazini haikungoja. Alexandria iliiita Richmond Highway kuanzia Januari 2019, na Arlington ikafuata. Kwa vipande vilivyobaki, bunge likaandika mwaka 2021 kwamba kila mji na kaunti ichague jina lake, na isipochagua hadi tarehe 1 Januari 2022, barabara itaitwa Emancipation Highway, barabara ya ukombozi wa watumwa. Hakuna aliyelazimishwa jina, ila kukaa kimya kulikuwa na bei iliyojulikana mapema. Fredericksburg ikalichukua jina hilo la ukombozi. Kaunti ya Chesterfield iliamua kutompa mtu yeyote heshima hiyo, na barabara yake kubwa ikabaki na namba tupu: Route 1.